Kisima Kilichopakwa Rangi Nyekundu

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na mimi fundi cherehani ndiye ninayewahi kukaa. Jana watu wa maabara walikuja wakapaka kisima cha mtaa alama nyekundu: maji yana risasi, yale madini yanayokaa ndani ya betri za magari. Yamefikaje humo? Leo asubuhi kila mtu alikuwa mtaalamu, tabia ambayo inanichosha kweli. Mama Kahawa alikuwa akitumiminia kahawa. Profesa, mlinzi mstaafu, alishika gazeti la juzi. Fundi Betri, ambaye karakana yake inapakana na kisima, alikuwa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

— Njama hiyo, akaanza Profesa. Kuna mtu anataka kutuuzia maji ya chupa.

— Wewe kila kitu njama, akasema Kinyozi. Mkeo akichelewa sokoni, njama! Lile lilikuwa tetemeko. Ardhi imejigeuza ubavu, madini yakapanda juu.

— Tetemeko lipi?

— Ulikuwa umelala.

— Basi kama ni hivyo, akasema Profesa, kisima kimetobokea kwenye mgodi wa nchi jirani. Wanavuta maji yetu safi, wanaturudishia uchafu wao. Chini kwa chini!

— Mnajichosha bure, Mama Kahawa akawakata. Mimi maji ya kisima nayachemsha mara tatu. Hakuna mdudu anayepona humo.

Tukamshangilia, tukaongeza kikombe.

Hapo akatokea binti yake, mimba ya miezi saba, ametoka kliniki. Amerudi kwa mama yake kujifungua, na tangu arudi anakunywa maji ya kisima hicho hicho.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Mama, ukichemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, chumvi inakwenda wapi?

— Si inabaki kwenye sufuria!

— Na risasi je?

Profesa akajifunika gazeti. Kinyozi akaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Mimi nilitazama lile tumbo nikaogopa, nasema kweli, nikaona na aibu ya kelele zetu zote.

— Inabaki, akasema Fundi Betri hatimaye. Mimi naiyeyusha kila siku, naijua. Na maji ya betri mbovu nayamwaga nyuma ya karakana, hatua kumi kutoka kisimani. Nilidhani mchanga unachuja.

Mama Kahawa akaweka birika chini. Nilikuwa nimedhani atamrushia Fundi Betri.

— Kliniki wamekuambia nini? akamuuliza binti yake.

— Damu yangu inayo, mama, ila si nyingi. Nikiacha maji haya leo itashuka, na mtoto watamfuatilia tangu siku ya kwanza. Wamesema tumewahi.

Mama Kahawa akashusha pumzi, machozi yakamtoka mbele yetu sote. Kisha akamwaga birika lote. Fundi Betri akainuka, akachukua madumu mawili.

— Unakwenda wapi? nikamuuliza.

— Bomba la shule. Lile wamelipima, ni salama.

— Ni mbali, na kuna kilima.

— Najua. Na karakana naihamisha, nimeshaifunga.

Alirudi jasho linamtiririka, shati limemganda mgongoni. Profesa akawahi kunyoosha kikombe chake. Mama Kahawa akakisukuma pembeni, akajaza bilauri, akampa binti yake.

— Kunywa, mwanangu. Hawa watasubiri.

Tukasubiri, akanywa yote.