Mzee Shao-hsien Ahamia Kushoto

Mheshimiwa Diwani Lo. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha nyimbo za mlimani. Wazee wa ukoo wa Ku. Ndugu zetu mliovuka mto kuja Meinong kutushika mkono. Na wewe Mzee Shao-hsien, uliyekatazwa na daktari kutamka hata "karibuni": habari za mchana.

Nisameheni nikijikwaa. Mimi Chiu Pei-yun ni muuza tambi, na kusimama mbele za watu sikuzoea. Isitoshe, Alhamisi hii Mzee anaingia chumba cha upasuaji kule Kaohsiung, na uvimbe ulio kooni mwake ukiondolewa, sauti yake itaondoka nao. Madaktari wameahidi kujitahidi, basi. Nani kati yetu amelala usingizi wa maana wiki hii?

Ndiyo sababu yeye na mkewe, Mama Lien-chiao, walipokuja kuniomba niwarekodie wimbo wao wa majibizano kabla ya siku hiyo, nilikubali. Wengi mnakijua kibanda changu, kile cha kukaushia tumbaku zamani, ambacho sasa kina kompyuta, maikrofoni na magodoro ukutani. Wakaimba. Mzee alikuwa akipanda vizuri, kisha sauti inamkatikia mwisho wa mstari. Walipomaliza, alikohoa damu. Je, ningethubutu kumwambia arudie?

Ikabaki kazi ya kompyuta. Kwa msioijua, programu ya kurekodi huweka mstari mwembamba kwenye kila sauti. Unatia vitone juu ya mstari huo, unavivuta kwa kipanya. Mstari ukipanda, sauti inakua, ukishuka, inafifia, na yote hutokea yenyewe wimbo unapokwenda. Upo na mstari wa pili, wa upande, unaoipeleka sauti sikio la kushoto au la kulia. Basi nikawa nainua kila neno la Mzee lililozama, kitone kwa kitone, nikihofu kwamba nikizidisha nitamfanya apayuke, na nikipunguza nitakuwa nimemzika mtu aliye hai.

Upande aliuamua Mzee mwenyewe.

"Niweke kulia kwake," alisema. "Jukwaani nimesimama kulia kwake tangu tuoane. Nikihama, atadhani nimepata mwingine."

"Nani akutake na kikohozi hicho?" Mama akamjibu.

Nikamweka Mzee kulia na Mama kushoto, kisha Jumamosi nikamvisha Mama hedifoni asikilize. Alianza kwa kuchezesha midomo, akifuata maneno, halafu uso ukambadilika.

"Pei-yun, mbona niko peke yangu?"

"Peke yako vipi, Mama?"

"Naimba, nanyamaza, naimba tena. Mume wangu yuko wapi? Umemfuta?"

Ndugu zangu, niliikimbilia kompyuta. Nikatazama skrini: sauti ya Mzee ipo, mawimbi yake yote yapo. Nikavaa hedifoni mwenyewe: huyu hapa, anaimba kulia kabisa. Nikamrudishia Mama; bado hamsikii mumewe. Nikakivuta kitufe cha upande kushoto, lakini wimbo ulipoanza kikaruka chenyewe kurudi kulia, kwa kuwa mstari niliouchora ndio unaotawala. Nikavuta tena, kikaruka tena, nami jasho likanitoka kama niliye jikoni. Hapo Mzee akainuka kwenye kigoda chake, akaishika hedifoni kichwani mwa mkewe, akaigeuza, ya kulia ikakaa kushoto.

Mama akafumba macho. "Huyo hapo," akasema. "Huyo hapo."

Mzee akauliza kwa mnong'ono, "Sikio la kulia halisikii? Tangu lini?"

"Tangu ile homa, nikiwa na mimba ya kifungua mimba wetu."

"Miaka yote hiyo! Na jukwaani?"

"Jukwaani nafuata bega lako. Likiinuka, najua umevuta pumzi."

"Kwa nini hukuniambia, mwanamke wewe?"

"Nikuambie wewe? Wewe uliyemtoa dada yako kikundini kwa kukosea noti? Ungenitoa na mimi. Halafu ungeimba na nani?"

 Mzee alikaa, akajipangusa uso, kisha akanigeukia: "Nihamishe kushoto."

Nikamweleza kwamba wakikaa wote wawili kushoto, sauti zitasongamana. Mama akanikata kauli. "Basi nipeleke mimi kulia. Sauti yangu naijua. Ninayoitaka ni yake."

Nikafuta vitone vyote vya upande, nikaanza upya, yeye kulia, mumewe kushoto. Mzee alikuwa na ombi moja tu: kwenye ubeti wa mwisho, wanapoimba pamoja, nimsogeze mkewe polepole hadi katikati, ili naye ajisikie yuko na mwenzake. Nikamsogeza. Nilipotaka kulipandisha neno la mwisho, lile ambalo sauti ya Mzee inapasuka, Mama alinishika mkono. "Hapo mwache ashuke. Akishuka, ndipo mimi huingia."

Mheshimiwa Diwani, ratiba inanitaka nimpongeze Mzee kwa kuongoza nyimbo zetu tangu wengi wetu tukiwa watoto, nami nampongeza kwa moyo wote. Lakini nikisema siogopi nitakuwa mwongo. Mama naye anaogopa. Jana, akiosha figili sinkini, aliniuliza, "Mtu asiye na sauti humwitaje mkewe?"  Mzee, aliyeketi nyuma yake upande wa kushoto, akagonga meza kwa kidole.

"Nini tena, mzee wangu?" Mama akauliza, bila hata kugeuka.

Wapendwa, tumwombee Alhamisi apite salama. Sasa nakaa, tuwasikilize wakiimba katika rekodi yenyewe. Nawashukuru mno kwa kunivumilia.