Karakana Tuliyoifagia

Mgeni rasmi, Mhandisi Mastura, karibu sana Kamachumu. Keti upumzike, senene, panzi wetu wa kukaanga, wapo. Ila risala hii tumeiandika upya jana, na kuisoma kwenyewe kunatutia aibu.

KARAKANA ILIVYOANZA

Mwenzetu Kokuberwa wa Kidato cha Tatu alitaka kuunda mashine ya pedali ya kupukuchua mahindi, maana mama yake huko Ngenge anapukuchua kwa vidole hadi vinachubuka. Mwalimu Audax akampa stoo ya zamani. Mwaka mzima binti huyo alipita nyumba kwa nyumba akiomba minyororo ya baiskeli, redio mbovu, mota za feni. Tulimtania, tukamwita Mama Chakavu. Yeye alicheka tu, akaendelea kubeba.

MAFANIKIO

Uwanja ni msafi, kama unavyouona.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo penye kidonda. Tuliposikia unakuja kufungua karakana, tulifanya kama tufanyavyo kila ajapo mgeni mkubwa: tukapaka mawe chokaa, tukafyeka, tukafagia kila kona. Kokuberwa hakuwepo. Alikuwa Nshambya kwa mjomba wake, Fundi Muksini, kuchukua jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani. Sisi tukaingia stoo, tukaona takataka. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapakia, vilivyobaki tukachoma. Hata mashine yenyewe, iliyokuwa imebakiza kufungwa pedali tu, ilikwenda. Mwalimu Audax alipotoka kwenye kikao, gari lilishaondoka.

Jioni Kokuberwa akarudi, jiliwa begani ndani ya kiroba. Akasimama mlangoni.

"Waitu, wenzangu, vitu vyangu viko wapi?"

Tukamwambia tumesafisha kwa ajili ya mgeni.

"Jamani, si ndivyo anavyokuja kuviona?"

Swali hilo lilituuma, na linatuuma hadi sasa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukuombi vifaa. Tuliovitupa tutazunguka kuviomba wenyewe, na atakayetaka kututania atutanie. Tunakuomba usikate utepe leo, kwani hakuna cha kufungua. Nyundo unayoisikia ni ya Kokuberwa, anafunga jiliwa kwenye meza ndani ya chumba kitupu. Tumemwita, amekataa kutoka. Tafadhali nenda wewe ukamwone.

Na siku ukija tena, usitupe taarifa mapema, utukute tulivyo.

Mungu akufikishe salama kwako, naye Kokuberwa ampe moyo wa kutusamehe.

Ni sisi tuliofagia,
Wanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kamachumu.