Mti Uliofungiwa Kizimba

Sogeeni, wanangu, mnisikilize. Mkubwa, kaa upande huu wa kitanda. Mama Pacha, binti yangu, kaa upande ule. Na wewe Kitinda, simama pale dirishani uwe macho yangu, maana tangu jana shingo yangu haigeuki. Msiniambie nipumzike. Nimepumzishwa humu ndani mpaka mapumziko yenyewe yamenichosha, na pumzi niliyobakiwa nayo nimeyawekea maneno haya, kwa hiyo anayetaka kulia atalia baadaye, na mwenye la kujibu na amjibu ndugu yake.

Nimesikia kwamba kesho anakuja mtu wa shoka. Kuta za chumba hiki ni nyembamba, Mkubwa, nawe kwenye simu huongea kama mtu aliye sokoni. Umemwambia kwamba mti wa mama yenu umekufa, auondoe ili nisiendelee kuutazama nikaumia. Basi jua kwamba mkiukata mti ule kwa ajili yangu mtakuwa mmenikata mimi, na ndiyo sababu nimewaita kabla hakujakucha.

Mnakumbuka, karakana yangu haikuwa na kivuli. Nilichomelea juani ujana wangu wote, mpaka mama yenu, Mungu amrehemu, alipopanda mche ule mlangoni, akaulea kama anayenyonyesha, na kabla hajatutoka tayari wateja walikuwa wanaleta kazi zisizo na maana ili wapate kukaa chini yake. Karakana ilipobomolewa kupisha barabara, mkauchimba mti mkauleta uani hapa, mkanileta na mimi chumbani humu. Tuling'olewa pamoja. Sikulaumu wala silaumu, maana mlifanya kwa huruma, lakini huruma isiyouliza huumiza.

Nondo za dirisha hili nilizichomelea mimi, Mkubwa alipojenga. Nilijisifu mbele ya mafundi wenzangu kwamba mwizi wa kupita hapa hajazaliwa. Kweli hapiti, na mimi sipiti. Tena tangu nilipoanguka nikienda kuutazama mti, mlango huu hufungwa kwa ufunguo, nao unalala mfukoni mwa Mkubwa. Najua mmenifungia kwa mapenzi, ndiyo maana sijawahi kuupiga. Mtu akifungiwa na adui hupiga kelele. Akifungiwa na mwanawe, ampigie kelele nani? Nikabaki kulala na kutazama nje, na yote mliyoutendea mti ule nimeyaona.

Mama Pacha, wewe huja alfajiri, ukamwaga ndoo kwenye shina huku ukiliangalia dirisha la kaka yako kwa jicho la pembeni asije akaamka. Na wewe Mkubwa, ukirudi kazini jioni, unamwaga ndoo zako. Hamsemezani tangu siku ile ulipoikata mizizi ili mti uenee kwenye lori, dada yako akakuambia umemuua mama mara ya pili, nawe ukamjibu kwamba aliyekaa nyumbani hana haki ya kusema. Maneno mabaya, yote mawili. Sasa kwa kuwa hamsemezani, hakuna anayejua kwamba mwenzake ameshamwagilia, na mti unazama. Mizizi iliyokatwa inataka hewa kama mimi, nanyi mmeipa matope. Na mimi vivyo hivyo: asubuhi bakuli la supu la huyu, baada ya muda mfupi bakuli la yule, na nikikataa la pili, mtu ananuna. Nimekunywa ugomvi wenu mpaka tumbo likauma. Wagombanapo fahali wawili, ziumiazo nyasi, na nyasi ni mimi na mti.

Usicheke, Kitinda, zamu yako imefika. Ulipoona majani yanapukutika ulishindilia mbolea, kana kwamba mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hulishwa karamu. Halafu ukaleta nondo, ukauchomelea mti kizimba, pete juu ya pete, ukaukaza shina ukisema usitikiswe na upepo. Watoto wa fundi chuma ndivyo mlivyo. Mkipenda kitu, mnakitengenezea kizimba. Mti usiotikiswa hautii mizizi nguvu, mwanangu, na chuma kile kinauchubua gome kila kukicha.

Sasa pitisha mkono kwenye nondo, ushike tawi lile linalogusa dirisha, ulikwangue kwa ukucha. Taratibu. Kuna rangi gani chini ya gome? Sema kwa sauti, dada yako asikie.

Kijani. Basi.

Mti ule haujafa, umeshtuka. Umemwaga majani kwa sababu hauwezi kuyalisha, kama mwenye nyumba anayepunguza wageni wakati wa njaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpigieni simu mtu wa shoka abaki kwake. Mwagieni maji pale tu udongo ukikauka mkichimba kwa kidole, na mkimwaga, mwageni polepole, mbali na shina, mpaka yazame chini. Tandazeni majani makavu juu ya udongo, yasiliguse shina. Mbolea basi. Msipogoe, ila tawi lililokufa kabisa. Kisha mngoje, hata msimu mzima upite bila jani la kuwatia moyo. Hili la kungoja ndilo litakalowashinda, nawajua.

Na anayemwagilia amwambie mwenzake. Mkubwa, lini uliumwagilia mara ya mwisho? Usinitazame mimi. Mwambie yeye.

Naam. Na wewe, binti yangu, mjibu.

Mmeona? Nilidhani nitaondoka bila kusikia sauti zenu mbili ndani ya chumba kimoja.

Nimeanza kuchoka. Mali yangu haina maneno mengi. Sanduku la nguo la mama yenu ni la Mama Pacha, na saa ya ukutani ni ya Mkubwa, aache kuchelewa. Mashine ya kuchomelea na grainda ni za Kitinda, kwa sharti moja: kazi ya kwanza ni kukikata kile kizimba, na ni sasa hivi. Toka, mwanangu. Mfungulie mlango, Mkubwa. Ukate kwa nje, cheche zisiliguse gome, na ukimaliza uufunge mti kwa kitambaa, ulegee, uweze kuyumba.

Nikifa, kaburi langu msilizungushie uzio wa chuma. Nimewatengenezea watu wengi uzio wa makaburi, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru kutoka ndani. Niacheni kwenye udongo mtupu.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo. Kaka yako hajaninywesha, muulize.

Sikilizeni... hiyo ni grainda. Anaibana mno, tangu utoto wake anaibana mno, lakini inakata. Pete ya kwanza hiyo, imeanguka. Nimeishi maisha yangu yote na sauti hii, wala sikujua kwamba inaweza kunipendeza hivi.

Mungu awape mizizi kabla ya matawi. Awape ndugu wa kuwaambia mlichofanya na mlichoacha. Mimi radhi zangu mnazo, wote watatu, sikumbakizia mtu kinyongo, hata wewe, Mkubwa, kwa huo mlango. Uliogopa nisije nikaanguka tena. Nami nilikuogopea hivyohivyo ulipoanza kutembea, lakini mama yenu alinishika mkono akaniambia, mwache.

Ufunguo, Mkubwa. Usinipe mimi... mimi sina tena mfuko. Mpe dada yako.

Hivyo. Upepo huo umeingia... naunusa udongo.

Mlango... uacheni wazi hivyohivyo.