Siku Nilipopigwa Picha ya Shingo

Wapendwa, nimesimama kwa sababu kuna mtu nilimkosea mbele yenu. Sitamtaja kwa jina, lakini mnamjua.

Mimi ni yule wa mitumba pale soko la Kibuye. Mwaka juzi nilianza kusikia baridi. Kisumu hii, yawa! Saa saba mchana wateja wanajipepea, mimi nimevaa sweta. Nywele zikawa zinatoka na kichana. Nikanenepa, na hamu ya chakula sina. Sauti yangu ya kuimbia kwaya ikakwaruza kama ya mwanamume. Nilikuwa nalala juu ya mashati, wateja wananiamsha.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: niliamua nimelogwa. Nikasema aliyeniloga ni wifi yangu, kwa kuwa alikuwa ameniletea samaki wiki ile baridi ilipoanza. Nilisema sokoni. Nikasema hata humu kanisani.

Siku nilipoanguka kibandani, ni yeye aliyenibeba hadi hospitali. Daktari akanishika koo, akasema nipigwe ultrasaundi ya shingo.

"Daktari, mimi sina mimba," nikamwambia. "Na mimba haikai shingoni!"

Wifi akacheka. Mimi sikucheka.

Wakanipaka jeli baridi, kifaa cha kupigia picha kikateleza kooni. Daktari akanigeuzia skrini.

"Mama, hii ni tezi yako ya shingoni, ndiyo inayoupa mwili joto na nguvu. Inafaa iwe na rangi moja. Yako ina mabaka meusi kila mahali. Inaonekana inashambuliwa. Tutapima damu tuhakikishe."

"Inashambuliwa na nani?"

"Si mtu, mama. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe."

Nimemtangaza mwenzangu mchawi, kumbe vita viko ndani yangu! Na yeye yuko pale pale, ameshika mkoba wangu. Nilishindwa kumtazama.

Damu ikathibitisha. Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai, na daktari amesema nitameza maisha yangu yote. Sauti imerudi, leo mmeisikia.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nawashukuru mlioniombea. Wifi, asante. Nisamehe.

Nanyi akina mama, mkiona mwenzenu amebadilika, mpelekeni akapimwe kabla hamjatafuta wa kulaumu. Mimi nimepata dawa. Lakini huyu wifi yangu, kwa maneno yangu, mpaka leo kuna nyumba hapa mtaani Mamboleo akibisha hodi hafunguliwi. Tafadhali, mfungulieni.