Idah Wakonyo, Mama wa Kalamu za Manyoya

Marehemu Idah Wakonyo alizaliwa Gatongora, Ruiru, mwaka wa 1914, akiwa kitinda mimba kati ya watoto watano wa Mzee Kagwe na mkewe Nyakio. Mwezi haukuandikwa popote, ila mama yake alishikilia kwamba ilikuwa asubuhi ya kupanda maharagwe, na kwamba shamba lilimalizwa siku hiyo hiyo. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1927. Jina la Idah alilichagua mwenyewe. Alisema lina herufi nne tu, na angeweza kuliandika lote bila kukosea.

Alianza shule ya misheni karibu na Ruiru mwaka wa 1924, akafika darasa la tatu. Mwishoni mwa 1927 mama yake aliugua, na kwa kuwa dada zake walikuwa wameshaolewa, Idah ndiye aliyetolewa shule ili amtunze. Hakulia mbele ya watu. Alichukua jivu la jikoni, akalitandaza kwenye ungo, akawa anaandika kwa kidole kila jioni baada ya kuosha vyombo. Dada yake Wamboi, ambaye yuko nasi hapa leo, alimkuta siku moja akamuuliza, "Wewe, unafanya nini na jivu?"

"Naandika."

"Na nani atasoma?"

"Mimi."

Akautikisa ungo, akaanza ukurasa mwingine.

Kuanzia 1929 alichuma kahawa katika mashamba ya Ruiru, na huko ndiko alikokutana na Zacharia Mburu, fundi seremala kijana. Zacharia alimletea kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Idah akakikalia, kiti kikavunjika, naye akaanguka chini mbele ya wachumaji wote. Alijipangusa vumbi akasema, "Rudi na kingine." Alirudi na cha pili, akarudi na cha tatu. Cha nne kilikaa imara, nao wakafunga ndoa kanisani tarehe 14 Septemba 1935. Walingoja miaka minane kabla ya kupata mtoto. Mumbi, mtoto wao wa pekee, alizaliwa Thika tarehe 2 Julai 1943.

Walioishi jirani na nyumba yao ya Thika wanakumbuka likizo za Disemba, jua likiwa kali na watoto wakiwa hawana la kufanya. Kwa Idah walipata la kufanya. Gunzi la mahindi lilivishwa kitambaa likawa mwanasesere. Majani makavu ya mgomba yalifungwa kwa kamba yakawa mpira. Mkebe ulitobolewa, ukatiwa utambi, ukawa taa. Mtoto akisema, "Nifanyie," alijibiwa, "Nikufanyie, kwani mikono yako umemwazima mtu?" Alikuwa akikaa chini na mtoto huyo mpaka kitu kikamilike, hata kama ugali ulikuwa unaungua.

Shule ya Mumbi ilifungwa mwaka wa 1953, kama shule nyingine nyingi wakati huo wa Hali ya Hatari. Aprili 1954 Zacharia akachukuliwa, akawekwa kizuizini. Mwezi wa Mei, Idah alipata kazi ya kusugua katani katika shamba moja la mkonge upande wa Ngoliba, akahamia kwenye kambi ya wafanyakazi na binti yake. Kambini hakukuwa na shule. Mumbi alitimiza miaka kumi na mmoja huko, na alikuwa anasahau kusoma na kuandika.

Mwishoni mwa Novemba 1954, Idah alipata kibali cha kwenda Thika, akamwona Mwalimu Bedan Macharia, wa shule iliyokuwa bado wazi. Mwalimu alimwambia wazi kwamba katika darasa la nne kumebaki nafasi moja. Mtoto angeandika imla kwa wino tarehe 17 Januari. Akiweza, nafasi ni yake. Akishindwa, hakuna nyingine, na umri wake utakuwa umepita.

Kwa hiyo palikuwa na wiki saba, na nyumbani hapakuwa na kalamu, wino wala karatasi.

Wino aliupata kwanza. Alikwangua masizi ya taa, akayachanganya na gundi ya mgunga na maji kidogo, akakoroga mpaka yakang'aa. Karatasi ilikuwa mifuko ya saruji, aliyoikung'uta, akaikata na kuishona kwa nyuzi za katani. Kalamu ndiyo iliyomsumbua. Aliwahi kuona misheni jinsi unyoya unavyochongwa. Unachukua ule mrefu wa bawa la kushoto, maana huo hujipinda kwenda nje na haumzuii macho anayetumia mkono wa kulia. Unaichomeka ncha yake kwenye mchanga wa moto mpaka iwe ngumu kama ukucha. Halafu unaikata mshazari kwa wembe, na kuipasua katikati kidogo tu. Ukizidisha, imeharibika. Idah aliziharibu nyingi. Jogoo wake alibaki kama mtu aliyeporwa koti, na Mumbi naye akagoma.

"Niandike peke yangu kama mwenda wazimu? Wenzangu wanacheza huko nje!"

Idah akakata shauri kuwaita watoto wote wa kambi, kila mmoja aje na manyoya ya kwao. Lakini siku hizo watu hawakukusanyika bila ruhusa ya bwana shamba. Akamwandikia nyapara Kimeu barua fupi: "Naomba ruhusa. Jumamosi tarehe 18 Disemba, saa nane mchana, nitafanya karamu kwa nyumba yangu. Wazazi walete watoto."

Sasa, Idah alikuwa Mkikuyu wa Gatongora, na kwa lugha ya kwao kitu cha kuandikia huitwa karamu. Hivyo ndivyo alivyotamka maisha yake yote, na hivyo ndivyo alivyoandika. Kimeu, Mkamba wa watu, alisoma alichokiona. Ruhusa ilitolewa, na asubuhi ya Ijumaa, majina yalipokuwa yakiitwa kazini, akatangaza kwa sauti kwamba Mama Mumbi anaalika kambi nzima kwenye karamu.

Jumamosi saa nane Idah alikuwa ametandika mikeka na kupasha mchanga moto. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake Selpha Apiyo, kuku kwapani, na nyuma yake mumewe Erastus na kuku wa pili. Nyuma yao kambi nzima, maana hakuna aendaye kwenye karamu mikono mitupu.

"Mama Mumbi, hongera!" Selpha alisema. "Sufuria kubwa iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ya karamu."

"Karamu haipikwi, Selpha. Inachongwa."

Selpha akamgeukia mumewe. "Erastus, huyu mama jua imempiga."

Kimeu akatoa barua mfukoni. "Si mkono wako huu? Soma hapa. Ka-ra-mu."

"Ndio! Karamu ya kuandika."

"Hiyo ni kalamu, mama!"

"Si ndio nimesema? Karamu!"

Watu walicheka mpaka kuku wakaanza kupiga kelele, na Kimeu akalazimika kukalia debe. Lakini alipofuta machozi alimsogelea Idah, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, bwana shamba ametia sahihi ya sherehe. Ya kufundisha hakutia, na hawezi kutia. Nikimwambia ni masomo, hawa watu wote wataambiwa warudi kwao saa hii."

Waliokuwa karibu walisikia, na kicheko kikazimika. Wote walimtazama Idah. Yeye alikuwa anatazama kuku aliye kwapani mwa Selpha, na hasa bawa lake la kushoto.

"Basi umwambie ni karamu," alisema. "Na iwe karamu. Nyama ni yenu, manyoya ni yangu. Lakini mtoto hali hapa kabla hajaandika jina lake."

Wakachinja. Wanawake walipika uani, na Idah akachonga kalamu mpaka kila mtoto akapata yake. Harufu ya mchuzi iliwafundisha watoto haraka kuliko fimbo yoyote. Erastus, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama kando kwa muda, kisha akaketi mkekani katikati ya watoto, akatoa ulimi nje kama wao, akaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemcheka, ila Selpha aliyesema, "Angalia bwana yangu, leo amestahili paja." Mumbi aliandika kurasa mbili bila kusukumwa.

Ruhusa ilipatikana tena Jumamosi iliyofuata, ambayo ilikuwa Krismasi, na nyingine tatu baada yake. Kuku walipokwisha walikula githeri ya mahindi na maharagwe, na githeri ilipopungua walikunywa uji, lakini iliitwa karamu mpaka mwisho. Siku za katikati ya wiki, Idah alirudi kutoka kazini na vumbi la katani kichwani, akamsomea Mumbi imla huku akimenya viazi. Neno likikosewa, liliandikwa mara kumi.

Tarehe 17 Januari 1955 walifika kwa Mwalimu Bedan kabla ya kengele. Mumbi alipotoa unyoya wake, mtoto mmoja alipaza sauti, "Ameleta kuku shuleni!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamnyooshea kalamu ya dukani. Mumbi akasema, "Asante, Mwalimu, lakini mkono wangu umezoea hii." Akaandika imla yote. Palikuwa na makosa mawili na doa moja la wino. Mwalimu alisoma, akasoma tena, kisha akamwonyesha dawati.

Idah alikuwa amesimama nje juani muda wote huo. Alipoambiwa alisema, "Haya." Akamkabidhi Mumbi kwa dada yake Wamboi pale Thika, akarudi Ngoliba siku hiyo hiyo.

Zacharia aliachiliwa Agosti 1957. Amezoea kusimulia kwamba alipofika kambini aliona kuku wa watu wote wakimkimbia mkewe, akajua yuko salama na hajabadilika.

Mwezi wa Machi 1959 Idah alianza kusumbuliwa na kifua. Aliendelea na kazi hadi Septemba, na tarehe 6 Oktoba akalazwa hospitali huko Thika. Jumapili tarehe 15 Novemba, Mumbi, ambaye sasa yuko darasa la nane, alikwenda kumwona.

"Mtihani ni lini?" Idah aliuliza.

"Wiki ijayo ile nyingine. Jumatatu mpaka Jumatano."

"Hata wakinizika siku hizo, usitoke darasani."

Mumbi alilia. "Maitu, mama yangu, watu watasema nini?"

"Watasema uko shule. Ndilo neno nimetaka waseme tangu uzaliwe."

Alifariki Jumamosi tarehe 21 Novemba 1959, saa nne asubuhi, Zacharia akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Marehemu ameacha mume, Zacharia Mburu, dada, Wamboi, wapwa na majirani wengi wa Gatongora, Thika na kambi ya mkonge, na binti mmoja, Mumbi. Familia inawaomba mliofika leo, Jumanne tarehe 24 Novemba, msimlaumu Mumbi kwa kutokuwepo kaburini. Alimuaga mama yake juzi. Baba yake alimwambia achague mwenyewe, naye jana asubuhi akavaa sare na kwenda. Saa hii tunapoteremsha jeneza, karatasi ya hesabu iko mbele yake.

Lala kwa amani, Idah. Mtoto yuko shule.