Papa Straton, Aliyezuia Ndege Nane Siku ya Soko

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kushika bendera nyekundu, Papa Straton Byukusenge anastaafu tarehe 31 Oktoba. Wakubwa wameniomba mimi, Élie wa foni, ile redio ya kuzungumza na marubani, niandike wasifu wake kwa sababu tumekaa ofisi moja miaka kumi na tisa. Ingefaa wamwombe mtu asiye na kijicho, lakini wengine wote walisema hawana muda.

Kwa wageni wa sherehe hii: kiwanja chetu, huku karibu na Mubi, ni barabara. Ndege ikikaribia, bariere inafungwa pande zote mbili, motari wanazima pikipiki zao, malori yanasogea kando. Ndege inatua, inapakia mizigo, inaondoka, na watu wanaendelea na safari. Kazi ya Papa Straton ilikuwa kuhakikisha njia ni nyeupe, haina mtu wala gari, kabla hajashusha bendera. Katika miaka hiyo yote hakugongwa mtu wala kuku. Siku moja alizuia gari la mkubwa mwenye haraka, akamweleza kwa upole kwamba kutoka juu cheo hakionekani.

Na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege hata mara moja.

Mimi nina cheti cha foni cha Goma, chenye muhuri. Ni mimi niliyewagundua Marubani wa Jumamosi, watu wanaorusha ndege za kwenye kompyuta. Kila mmoja hukaa kwake, kisha hukutana kwenye mtandao na kuruka pamoja. Kiongozi wao ni Mama Carmel, nesi wa Bruxelles. Walipopanga safari ya Goma mpaka barabara yetu, nilijitolea kuwaongoza watue. Nikaazima kompyuta ya ofisi, nikavaa shati la mikono mirefu ingawa hakuna aliyekuwa akiniona.

Nilianza vizuri, Kifaransa safi kabisa. Kisha Papa Straton akaingia kutafuta ufunguo, akamsikia Carmel akiomba kutua. Mdomo wake ukamtangulia: "Hapana, mama, ngoja kwanza. Leo iko soko, barabara imejaa bantu." Barabara yao ya kompyuta haikuwa na hata mbuzi. Lakini sauti ile haibishiwi. Ndege nane zikazunguka juu ya msitu dakika ishirini, mbili zikaishiwa mafuta zikaanguka, na wenyewe wakacheka hadi wakakosa pumzi. Papa alipoelezwa aliona haya. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo, nikidhani amejimaliza.

Juma lililofuata nikafungua kompyuta, nikasalimu. Carmel akauliza yule Papa wa soko yuko wapi.

Tangu hapo, miaka miwili sasa, yeye ndiye anayekaa kwenye kiti, na mimi natafuta mtandao. Anamuuliza kila rubani kama lori limepita, kama watoto wa shule wamevuka, na watu wa Montréal wanamjibu kwa heshima kwamba wamevuka, Papa. Basi nikaanza kujifunza kurusha ile ndege kwa siri, asubuhi kabla ya kazi, mwaka mzima, nikingoja aondoke ili nao waseme jina langu. Siku za kustaafu kwake nilizihesabu kuliko yeye mwenyewe. Wivu nao ni kazi, tena hauna likizo.

Jumamosi iliyopita walimuaga. Carmel akamuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka kupanda ndege. Marubani wote wakajitolea. Akakataa, akanichagua mimi: "Élie njo atanipeleka. Namusikiaka kila asubuhi, anajua." Kumbe mwaka mzima alikuwa akikaa nje ya mlango asinikatishe.

Nikarusha. Tukaacha msitu wa Walikale, tukaingia vilima vya Masisi, akaniomba nishuke juu ya Burungu, alikozaliwa, ambako vita vimemzuia kufika kwa miaka kumi na miwili. Nilishuka kwa aibu, maana kompyuta haina Burungu: ni vilima vya kijani tu, hakuna nyumba, hakuna shamba. Papa akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa njo kwa mama. Hapa maharagi. Hapa ng'ombe zilikuwa zinakunywa maji." Alionyesha polepole.

Kiti nilikikalia mimi, na jina langu walilitaja wote, kama nilivyotamani. Nilitazama kilima kile kile alichokitazama, sikuona kitu, nikamwonea wivu kuliko siku zote.

Papa Straton anahamia Lushebere, kwa binti yake Igiraneza. Asante, Papa, kwa kila siku uliyotuwekea njia nyeupe. Mungu akupe uzee mtulivu, na siku moja akufikishe Burungu kwa miguu yako mwenyewe. Hayo tunakuombea sisi wote wa kiwanja, hata mimi.