Wandera, Dishi la Kisian na Wingu Namba 42

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja, Bwana Wandera anarudisha funguo za dishi letu la Kisian. Aliajiriwa kulipaka rangi, akaishia kuliendesha. Wanasayansi wamekuja na kwenda zao. Yeye alibaki, na sweta lake la kijani analovaa hata Januari.

Kazi yetu ni kunasa mawimbi ya redio ya nyota zilizostaafu katika galaksi jirani. Nyota ikizeeka hupuliza gesi yake nje, ikawa wingu linalong'aa. Wandera aliyajua mawingu hayo kwa namba, kama mwalimu anavyowajua watundu wake.

Namba 42, hafifu kuliko yote, ndilo lililomtesa. Miaka tisa alishikilia kwamba lipo. Leo linasikika, kesho kimya. Mkuu wetu, Dkt. Nabututu, akachoka: wingu pana kuliko sayari zetu zote na jua letu haliwezi kwenda sokoni na kurudi. Akasema mwisho wa Mei atalifuta kwenye orodha. Wandera hakugusa chakula cha mchana wiki nzima, na sisi tunaomjua tuliingiwa na hofu kweli.

Ndipo Debra wa kompyuta alipopanda juu ya dishi, akakuta korongo wawili wamesimama mbele ya kipokezi, na vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwani, kila mahali. Salaala! Wandera akakiri mbele yetu sote. Kila msimu wa mvua, siku jua likitoka na dishi likipumzika kwa kutazama juu, alimruhusu mkewe, Mama Dolphine, na kikundi chake waanike omena humo, maana ni pasafi na mbuzi hawafiki. Jioni omena waliondolewa. Korongo hawakuambiwa, wakabaki.

Alilisugua dishi siku mbili kwa sabuni ya unga, akakataa kusaidiwa. Kisha tukasikiliza siku tano mfululizo. Siku ya mwisho ya Mei, saa nane mchana, mstari wa namba 42 ulipanda kwenye skrini, ukatulia.

“Kumbe ulikuwa hapo tu,” aliliambia. “Mimi ndiye niliyekuziba.”

Akalia, mzee wa watu. Dkt. Nabututu naye akatafuta leso, akasingizia harufu ya samaki.

Asante sana, Baba Dolphine. Wingu limeingia kwenye orodha, na jina lako liko kando yake. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na omena uanike kwako.